Sola ya Gari la Kulala: Anza na Betri, Sio Paneli

Kama una gari la zamani lililowekwa kitanda, jiko na friji ndani, pengine hii hali unaijua: mchana kila kitu kiko sawa, lakini saa nane usiku friji inazima na taa zinafifia. Wengi hukimbia Luthuli Avenue kununua paneli kubwa zaidi. Mara nyingi shida haikuwa paneli.

Piga hesabu kwanza. Friji ndogo ya wati 45, ikizunguka jumla ya saa 10 kwa siku, inakula wati-saa 450. Betri ya asidi ya volti 12, 100Ah, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema. Kwa hivyo hesabu 600 tu. Weka taa, simu na laptop, zimeisha. Na hiyo ni betri mpya! Ya kwako mwambie fundi aipime ikiwa na mzigo, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kusoma volti 12.6 ikiwa imepumzika, halafu ianguke ukiwasha friji.

Betri ya lithiamu ya 100Ah inakupa karibu wati-saa 1,000 za kutumia. Bei yake inauma, na hapo ndipo mtu huamua kubaki na kontrola ya zamani ili aokoe pesa. Hapana. Kontrola iliyopangwa kwa asidi huenda isiichaji lithiamu inavyotakiwa. Tena, ukifunga paneli ya nyumba ya volti 40 kwenye kontrola ya PWM, zaidi ya nusu ya umeme unapotea. Hapo unahitaji MPPT. Kama betri inachajiwa pia na injini, weka chaja maalum katikati, la sivyo lithiamu inaweza kuvuta umeme mwingi hadi alteneta iungue.

Paneli yenyewe haina maneno mengi. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hivyo kuilaza juu ya paa ni sawa. Usiegeshe chini ya mti, na mwezi wa Julai tarajia kidogo.

Sasa malipo. Muuzaji akikwambia, "Till imekwama, tuma kwa hii namba yangu," simama kidogo. Ujumbe utakaobaki kwa simu yako utakuwa na jina la mtu, sio la duka, na betri ikifa mwezi wa nne utapata shida kuonyesha ulinunua wapi. Ukilipa kwa Till, kwanza hukatwi ada ya kutuma. Soma jina linalotokea: lifanane na la risiti. Risiti nayo iandikwe aina ya betri, Ah, namba yake ya serial na muda wa waranti. "Goods once sold" peke yake haikusaidii.

Fundi muulize leseni ya sola ya EPRA. Vifaa nunua mwenyewe, yeye mpe kianzio cha kazi tu. Salio mtumie kesho yake asubuhi, friji ikiwa imefanya kazi usiku kucha bila injini kuwashwa.