Mtoto mwenye kifafa akibadilika tabia

Siku ya kuchukua dawa, mama hutuambia mtoto ameanguka mara ngapi. Ni wachache wanaosema kwamba siku hizi anapiga wenzake, hatulii, analia ovyo au amejitenga. Wengi hudhani ni utundu, wengine husema amerogwa.

Mara nyingi hayo huenda pamoja na ugonjwa. Utafiti uliofanyika Kilifi, Kenya, ulikuta karibu nusu ya watoto wenye kifafa wana matatizo ya tabia. Kwa wasio na kifafa ilikuwa kama robo. Ubongo unaopata degedege ndio huohuo unaoongoza hasira, usingizi na kumbukumbu. Halafu kuna kutengwa. Huku Tarime na Serengeti bado zipo nyumba ambazo mtoto hupewa sahani yake peke yake, watu wakiogopa mate yake. Kifafa hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa povu.

Fenobabitoni, dawa inayotumika sana, nayo inaweza kumfanya mtoto awe mkali na asitulie. Usimwachishe ghafla. Degedege linaweza kurudi moja juu ya jingine, na hali hiyo inaweza kuua. Rudi kliniki, dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe taratibu.

Fimbo haisaidii. Kumbuka tu tabia ilianza lini, kabla ya dawa au baada yake, na analalaje usiku. Mtoto akisema afadhali afe, au akijiumiza, usisubiri tarehe ya kliniki: mlete siku hiyohiyo.