Pete Ndogo Dhidi ya Kifua Kikuu cha Wachimbaji

Mchimbaji mdogo wa Geita, au wa Kahama mkoani Shinyanga, ashukapo katika duara huifuata dhahabu iliyofungwa ndani ya mwamba. Mwamba huo hupasuliwa, kisha husagwa kwa karasha, na vumbi lake huwa na silika. Chembechembe za silika zikivutwa kwa muda mrefu hutia makovu mapafuni na kuziharibu seli zinazomeza vijidudu. Ndiyo sababu mchimbaji hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine.

Dawa mbili kati ya zile zinazomponya, yaani isoniazidi na pirazinamidi, zimejengwa juu ya pete ya atomi 6 tu.

Pete mseto

Mwanafunzi wa kemia anaifahamu pete ya benzini, yenye atomi 6 za kaboni. Nafasi ya kaboni moja ikishikwa na nitrojeni, hupatikana piridini. Nafasi mbili zinazotazamana zikishikwa na nitrojeni, hupatikana pirazini. Pete za namna hii, zenye kaboni pamoja na elementi nyingine, twaweza kuziita pete mseto. Nitrojeni hiyo ina jozi ya elektroni isiyotumika kuifunga pete, na kwa jozi hiyo huweza kushikana na hidrojeni ya protini.

Isoniazidi ina pete ya piridini. Ilitengenezwa Prague mwaka 1912 na Hans Meyer na Josef Mally, wasijue kuwa ni dawa. Miaka 40 baadaye, watafiti wa Marekani na Ujerumani waliokuwa wakitafuta dawa za kifua kikuu waligundua nguvu zake, na habari ikatangazwa mwaka 1952. Kwa baadhi yao ilikuwa ni kampaundi ya njiani tu, kuelekea dawa nyingine. Nitrojeni yake hukaa mkabala na tawi la pembeni. Ikisogezwa nafasi moja, nguvu ya dawa hupungua mno.

Namna zinavyoua

Isoniazidi huamshwa na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, ndipo izuie ujenzi wa ukuta wake wa nta. Bakteria ambaye kimeng'enya hicho kimeharibika haiamshi dawa, naye huwa sugu. Pirazinamidi, yenye pete ya pirazini, huwaua bakteria waliolala katika mazingira ya asidi.

Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja au zaidi. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki, na kuanza kutangazwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, miezi 6 yaweza kutosha.

Hatari ya kuhama

Hata hivyo, mchimbaji huhama. Kikohozi kikipungua baada ya wiki chache, naye akasikia dhahabu imeonekana kwingine, huondoka na kuacha dawa. Bakteria sugu hubaki, huzaana, na huambukiza wenzake katika duara jipya. Hapana budi aage zahanati na kuandikiwa barua ya uhamisho, aendelee na dawa huko aendako.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: wachore benzini, piridini na pirazini, kisha watafute umbo la vitamini B6, ambayo mgonjwa hupewa ili isoniazidi isimdhuru neva. Wataikuta pete ile ile ya piridini.