Mbona Mizani Imesimama na Jasho Linatoka?

Siku hizi watu wengi, mjini Mwanza na hata huku vijijini, wakienda hospitali huambiwa na daktari: "Punguza uzito." Mmoja ana shinikizo la damu, wa pili ana ugonjwa wa sukari, wa tatu magoti yamuuma. Basi huanza kutembea. Utawaona alfajiri kandokando ya barabara ya Musoma, wengine wakipanda vilima vya mawe kabla jua halijawa kali.

Mwezi wa kwanza mizani hushuka. Mwezi wa pili hushuka tena. Halafu, labda mwezi wa nne au wa tano, husimama. Safari ni ile ile, jasho ni lile lile, lakini kilo hazipungui hata moja. Ndipo wengi husema, "Mwili wangu ndivyo ulivyo." Viatu huwekwa chini ya kitanda, na baada ya muda si mrefu uzito wote hurudi, pengine na zaidi. Je, watu hawa walikosea wapi?

WAHADZABE WATUFUNDISHA NINI

Jibu moja limepatikana karibu nasi. Mashariki ya nchi ya Wasukuma, ukipita Meatu, liko Ziwa Eyasi, na huko wanaishi Wahadzabe, watu wa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Herman Pontzer, pamoja na wenzake, walitaka kujua mwili wa Mhadzabe hutumia nguvu kiasi gani kwa siku. Waliwapa watu wazima 30 maji ya kunywa yaliyotengenezwa kwa namna ya pekee, kisha kwa siku kadhaa wakapima mkojo wao. Kwa njia hiyo huweza kujulikana mwili umechoma chakula kiasi gani.

Wanaume wale walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu 6. Kila mtu angedhani kwamba wao hutumia nguvu nyingi kupita karani anayekaa kitini mchana kutwa. Lakini matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2012, yaliwashangaza wengi. Ukiisha kufikiria tofauti ya ukubwa wa miili, Mhadzabe alitumia nguvu karibu sawa na mtu wa Ulaya au Marekani!

Pontzer aeleza kwamba mwili ni kama mama wa nyumbani mwenye fedha chache. Akitumia nyingi sokoni, hubana matumizi mahali pengine. Nasi tukizoea kutembea sana, mwili hubana kazi zake nyingine za ndani. Wataalamu wangali wakijadiliana mwili hubana kiasi gani, lakini wengi wanakubaliana juu ya jambo moja: mazoezi peke yake, bila kutazama sahani, hupunguza uzito kidogo tu.

MWILI HUJIHAMI

Iko na sababu ya pili. Mwili mdogo hutumia nguvu kidogo. Mtu wa kilo 90 akipungua hadi kilo 80, safari yake ya kila asubuhi sasa yagharimu nguvu pungufu kwa karibu moja ya tisa, kwa kuwa mzigo anaobeba ni mwepesi zaidi. Hata akilala, mwili wake wahitaji chakula kidogo kuliko zamani. Na hapo hapo njaa humzidi, maana mwili hauelewi kwamba amri imetoka kwa daktari. Wadhani kuna ukame.

Jambo hili lilionekana wazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 walijitolea kula chakula kidogo kwa majuma 24, huku wakitakiwa kutembea kilomita kama 35 kila juma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini kadiri siku zilivyokwenda uzito ulipungua polepole zaidi, hata mwishoni ukakaribia kusimama. Miili yao ilikuwa imejifunza kuishi kwa kidogo.

Kwa hiyo, mama au baba ambaye mizani yako imesimama, usijione mvivu. Wala jirani asikucheke.

TUTAZAME SAHANI NA KIKOMBE

Basi, tufanye nini? Kwanza, tuhesabu tena tunachokula, maana haba na haba hujaza kibaba. Wataalamu hupima nguvu ya chakula kwa kipimo kiitwacho kalori. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Kijiko cha chai cha sukari kina kama 16. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vinne, amepata karibu kalori 190 kwa sukari peke yake. Hizo zatosha kula sehemu kubwa ya faida ya safari yake ya asubuhi! Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongeza isizidi vijiko kama 12 kwa siku nzima, na ni bora zaidi isipite 6.

Pili, tubadili sahani bila kujitesa njaa. Bonge la ugali lipungue, mboga za majani ziongezeke. Sato wa kuchemsha au dagaa waliokaangwa kwa mafuta kidogo hushibisha kwa muda mrefu na kulinda nyama ya mwili. Michembe na matobolwa ni vyakula vyetu vizuri, lakini navyo vihesabiwe kama chakula, si kama kitu cha kutafuna tu.

Tatu, kazi za nguvu ziongezwe: kulima, kuchota maji, kupanda kilima. Hizi huimarisha misuli.

Nne, usiiamini mizani peke yake. Jipime mara moja kwa juma, mizani ile ile, saa ile ile. Tena chukua kamba, izungushe kiunoni, ufunge fundo. Mara nyingi mizani husimama, lakini fundo husogea.

Na hata fundo lisiposogea, msiache kutembea. Mazoezi husaidia kushusha shinikizo la damu na sukari, huimarisha moyo na kuleta usingizi mwema, ijapokuwa kilo ni zile zile. Hiki ndicho kitu kikubwa wanachopoteza wale walioficha viatu.

NENO KWA WATU WA NYUMBANI

Kwetu unene umehesabiwa tangu zamani kuwa dalili ya neema, na mtu akipungua watu hunong'ona kwamba anaumwa. Akina baba, mke wako akipunguza mafuta katika chungu, usinung'unike, kula naye. Nanyi mnaowapokea wageni katika arusi na matanga, mtu akisema "yatosha", msimlazimishe sahani ya pili.

Lakini jihadharini. Anayetumia dawa za sukari asipunguze chakula kabla ya kusema na daktari, maana sukari yaweza kushuka ghafula. Mama mjamzito asijaribu kukonda. Dawa za kukondesha zinazouzwa mitaani msizinunue. Na mtu anayepungua bila kutaka, huyo aende hospitali upesi.

Kupungua hata kilo 5 kwa mtu wa kilo 90, na kubaki hapo, ni faida ya kweli kwa moyo na magoti. Mizani ikisimama, nawe simama pale pale ulipofika, usirudi nyuma. Punguza kijiko kimoja cha sukari, na kesho asubuhi utoke tena.