Fahamu: Hatari ya kuchezea VVT-i ya gari lako

VVT-i ni nini?
Ni utaratibu wa injini za Toyota, uliotumika tangu miaka ya 1990, ambamo kompyuta ya gari huiamuru valvu ndogo ya umeme ipitishe oili hadi kwenye gia iliyo nchani mwa kamshafti, ili valvu za kuingizia hewa zifunguke mapema au zichelewe, kwa kadiri ya mwendo na mzigo.

Watu hubadili nini?
Wako waichomoao plagi ya valvu hiyo ya umeme wakaiunga na swichi, wakitaraji nguvu zaidi. Wengine huondoa kichujio chake cha wavu, kiasi cha ncha ya kidole.

Madhara yake
Valvu zikishurutishwa kufunguka mapema hali gari limesimama likinguruma, moshi hurejea ndani, injini ikatetemeka na kuzimika. Wavu ukikosekana, taka hunasa katika valvu ya umeme. Na gia ikifunguliwa kisha ikarudishwa kombo, valvu huweza kugonga pistoni, ikawa hasara kubwa.

Lililo salama
Kwanza tazama kijiti cha oili: ikiwa nyeusi na nzito, ibadilishe kwa aina iliyoagizwa na kitabu cha gari, wavu usafishwe, ndipo fundi apime kwa kompyuta, kwani uhai wa VVT-i, kwa hakika, ni oili safi.