Moto Usiounguza Katika Hori ya Kilifi

Chukua mtumbwi usiku wa kiza, uingie katika hori ya Kilifi, kisha piga kasia mara moja tu. Maji yatawaka! Cheche za samawati zitalizunguka kasia, na samaki akikimbia chini utamwona anachora mstari wa nuru mithili ya kimondo.

Wako waliosema ni taa ya jini. Mvuvi naye ana hasara yake: jarife likiwaka, samaki huliona akageuka njia.

Je, ni nini hasa kiwakacho? Ni vijidudu vya chembe moja, vidogo mno. Katika miaka ya 1880 Mfaransa Raphaël Dubois alionyesha kwamba nuru ya viumbe hutokana na vitu viwili vinavyokutana, ambavyo alivipa majina ya lusiferini na lusiferezi. Vikipata oksijeni, hutoa nuru isiyo na joto la kuunguza. Kijidudu cha hori huwaka kikishtuliwa, kisha huzima.

Wako na ndugu zao, bakteria wa baharini, ambao huwaka mfululizo. Mwezi wa Januari 1995, mabaharia wa meli ya Uingereza iitwayo Lima walipita karibu na pwani ya Somalia, wakaona bahari imekuwa nyeupe kama maziwa. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kuwa picha za setilaiti zimethibitisha habari hiyo: usiku tatu mfululizo, nuru ilienea kilomita za mraba 15,400, eneo kubwa kuliko Kaunti nzima ya Kilifi.

Vijidudu vya hori hula nini? Vingi hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, vikitumia chumvi za madini ambazo mvua huzichukua kutoka ardhini. Hapo ndipo penye neno. Mikoko huyachuja maji hayo. Ikikatwa, na uchafu ukaachwa utiririke, chakula huzidi kiasi, na jamaa zao wenye sumu waweza kufurika. Chaza huwala hao, na mla chaza akaugua.

Wahenga walinena: usilolijua ni usiku wa giza. Hili tumekwisha kulijua. Basi anayeinua shoka juu ya mkoko na akumbuke kwamba anakata mti, na pengine anaharibu taa ya hori na kitoweo cha jirani yake.