Mbegu tunachagua, na maji je?



Mwezi wa kumi na moja, wakati wa kupanda mahindi, nilikaa siku mbili na kikundi kimoja upande wa Sanga. Tulivuta kamba, tukapima sentimita 75 kati ya mistari, tukahesabu mbegu moja moja. Jua lilipopanda, kijana mmoja alishuka mtoni, akarudi na bidoni ya maji. Tulikunywa wote kwa kikombe kimoja, hata mimi. Kisha beseni ya kunawa ikazunguka, kila mtu akatia mikono ndani, tukakula bukari na samaki. Mimi nilikuja kufundisha juu ya mbegu. Juu ya maji sikusema neno.

Siku tatu nyuma, wanamemba wawili walianza kuhara maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mmoja, bibi yake alimpandisha kwenye kinga usiku uleule mpaka kituo cha afya, njia yote akimnywesha maji ya chumvi na sukari. Alipona. Wa pili alisema: "Ni tumbo tu, tungoje asubuhi." Asubuhi hakuifikia.

Ilikuwa kolera, ndiyo kipindupindu. Mikrobe yake inatoka katika mavi ya mtu na kuingia kwa mwingine kwa maji, mikono na chakula. Mtu anaweza kushikwa kisha masaa 12, ao siku tano. Tena wengi wako nayo na hawasikie kitu, lakini wanaiacha chini kila wanapoenda pori. Njo maana mto unaoonekana safi si lazima uwe safi.

Kwetu Haut-Lomami kolera haiishe kabisa. Inakaa upande wa Lualaba na maziwa yake: Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu. Kamina iko kwenye reli, na watu wanatembea kila siku. Mwaka 2017, Kongo nzima iliona wagonjwa zaidi ya 50 000, na zaidi ya 1 000 walikufa. Mvua ikianza, inasukuma uchafu wa porini mpaka kwenye vijito na visima. Na mvua hiyo njo inatuita shambani. Ukilala wiki mbili kitandani, mahindi yako yatapandwa kwa kuchelewa na mavuno yatapunguka. Tifoide na kuhara damu vinapita njia ileile.

Basi kikundi kifanye nini?

Maji. Yachemshwe mpaka yatokote vizuri, yapoe, yabebwe shambani ndani ya bidoni yenye kifuniko. Kama kuna dawa ya klore, fuateni kipimo kilichoandikwa. Maji yamiminwe, kikombe kisitumbukizwe ndani.

Mikono. Acheni beseni moja kwa watu kumi. Mtu mmoja amwage maji na kopo, wengine wanawe kwa sabuni. Sabuni ikikosa, majivu yanasaidia.

Choo ya shamba. Chimbeni shimo, mbali na mto ao kisima metre 30 ao zaidi, upande wa chini ya kisima. Kila mtu akimaliza, afunike na majivu ao udongo. Mavi ya watu yasiwekwe kamwe kwenye bustani ya mboga.

Chakula. Samaki si adui, ila apikwe vizuri na aliwe moto. Nyanya na mboga za kula mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa.

Serumu. Wekeni pakiti za SRO katika depo, karibu na kilo ya kupimia. Zikikosa: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Angalieni kipimo: chupa ya bia haifike litre moja, na chumvi ikizidi inaumiza, zaidi sana mtoto. Mgonjwa anywe kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika kumi, muanze tena polepole. Mtoto aendelee kunyonya. Dawa iliyobaki kesho yake imwagwe.

Serumu haichukue nafasi ya munganga. Inamshika mgonjwa njiani tu, mpaka afike. Kolera inaweza kuua ndani ya masaa machache, kwa hiyo ondokeni usiku uleule, hata kama mvua inanyesha.

Kila kikundi kiko na mtu wa kuchunga mbegu na mtu wa kuchunga feza. Mkutano unaokuja, mbele ya kugawa mbegu, andikeni pia jina la mtu wa maji. Mimi nikija, nitauliza jina lake kwanza, kisha tutavuta kamba.