Dilke Hakufungwa Hata Siku Moja

Kila linapotajwa jina la Sir Charles Dilke, swali ni lile lile: "Alifungwa miaka mingapi?" Hakufungwa. Uzinzi haukuwa jinai katika sheria ya Uingereza mwaka 1886. Nikisha kujibu, mtu hudakia: "Lakini kesi ya pili alishindwa." Utashindwaje kesi isiyo yako?

Februari mwaka huo ilisikilizwa kesi ya talaka ya Donald Crawford, aliyekuwa amemtaja Dilke, baroneti, mwanasheria na mbunge wa Chelsea, kuwa ndiye aliyezini na mkewe, Virginia. Uzito wote wa madai ulikuwa juu ya maneno ya mke aliyekiri kwa mumewe. Kukiri humfunga anayekiri, hakumfungi mtu wa tatu. Basi Jaji Butt akatoa talaka, akamwondoa Dilke kwenye kesi na kuamuru alipwe gharama zake. Watu wakacheka: mke alizini na Dilke, Dilke hakuzini naye! Kisheria hakuna kichekesho. Ushahidi unaomtosha huyu haumtoshi yule.

Ila kwa ushauri wa mawakili wake, Dilke hakutoa ushahidi, na W. T. Stead wa gazeti la Pall Mall Gazette akamwandama kwa ukimya huo. Dilke akataka shauri lifunguliwe upya ajisafishe. Ndipo alipojitia kitanzi. Julai, katika kesi hiyo ya pili, aliyepinga talaka alikuwa ofisa wa Malkia mwenye mamlaka ya kuingilia mashauri ya talaka, na ni yeye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba uzinzi haukutokea. Jaribu wewe kuthibitisha jambo ambalo halikutokea! Dilke, kwa kuwa alikwisha kuondolewa, alikuwa shahidi tu. Mawakili wake waliketi kimya huku Henry Matthews, wakili wa Crawford, akimbana hata kuhusu shajara yake ya miadi iliyokatwakatwa kwa mkasi. Jopo la raia likaona talaka ibaki. Hilo tu ndilo lililoamuliwa.

Na msiniambie hukumu hiyo ilimnyang'anya kiti. Wapiga kura wa Chelsea walimwangusha kabla kesi ya pili haijaanza. Ubaroneti alibaki nao, na kuanzia 1892 alikuwa mbunge wa Forest of Dean hadi alipofariki mwaka 1911.

Jina lako likitajwa katika shauri la wengine? Soma hati kabla ya kuwajibu waandishi. Omba mapema uunganishwe kama mdaawa. Usiguse shajara wala barua. Na ukishinda, usilifufue shauri kabla wakili hajakueleza nani atabeba mzigo wa kuthibitisha.